Mti Nao Hupumzika

Dominika ya 16 ya Mwaka B
Masomo: Yer 23:1-6, Zab 23, Efe 2:13-18, Mk 6:30-34



Injili tuliyoisikia Dominika hii ni fupi, aya tano tu. Mitume wamerudi kutoka katika utume wao wa kwanza. Walikuwa wametumwa wawili wawili, wakahubiri toba na kuwapaka wagonjwa mafuta, na sasa wamemzunguka Bwana wakimsimulia yote waliyoyatenda. Watu wanaokuja na kwenda ni wengi mno, hata mitume hawapati nafasi ya kula. Ndipo Bwana anapowaagiza waondoke, waende peke yao mahali pasipo na watu, wakapumzike kidogo. Wanapanda mashua. Lakini watu wanawaona, wanakimbia kwa miguu kutoka miji yote, wanafika kabla yao. Bwana anaposhuka ufukoni anakuta umati unamngoja. Anawaonea huruma, maana wako kama kondoo wasio na mchungaji, naye anaanza kuwafundisha mambo mengi.

Mara nyingi sisi wahubiri huharakisha kufika penye umati, maana hapo ndipo panapotangulia muujiza wa mikate. Mimi leo naomba tukae kidogo ndani ya mashua. Kwa nini Bwana, aliyejua vema ni wagonjwa wangapi walikuwa wakingoja, aliwaagiza watu wake wapumzike?

Najua kuna msikilizaji anayeniuliza moyoni: "Padre, habari za kupumzika zinatuhusu nini sisi? Mimi naamka saa kumi na moja, nachota maji, nalima, nateka kuni, nawapikia watoto. Mapumziko ni ya wenye mishahara." Swali hilo ni la haki, nami nitalirudia. Kwanza niruhusuni niungame jambo moja mbele yenu, kwa kuwa bila hilo mahubiri ya leo yatakuwa maneno matupu.

Mimi ni padre wa parokia moja ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Katika Kwaresima ya mwaka 2023 nilikuwa nimechoka, wala sikujua kuwa nimechoka. Vigango ni vingi, barabara ni za matope, ujenzi wa nyumba ya watawa ulikuwa umesimama kwa kukosa fedha, na simu haikunyamaza. Siku moja asubuhi alinijia katekista wa kigango cha mbali. Alikuwa ametembea kwa miguu muda wa saa tatu. Alinikuta nimeinamia karatasi za mahesabu. Akabisha hodi, akasema, "Tumsifu Yesu Kristo, Baba. Nina shida kidogo." Sikuinua hata macho yangu. Nikamjibu, "Milele amina. Rudi Jumatatu, leo nina kazi." Akasema, "Haya, Baba," akaondoka.

Jumatatu hakurudi. Baada ya siku tisa nilipata habari kwamba mke wake amefariki dunia. Alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu, na asubuhi ile mumewe alikuja kuniomba nimpelekee Mpako wa Wagonjwa na Komunyo Takatifu. Mama yule, aliyekuwa akifua vitambaa vya altare ya kigango kwa miaka mingi, alikufa bila sakramenti alizozitamani, kwa sababu padre wake hakuinua macho yake kutoka kwenye karatasi.

Nilikwenda kumzika. Nilihubiri. Katekista alinishukuru mbele ya watu wote, wala hakusema neno lolote juu ya asubuhi ile. Dominika iliyofuata aliongoza ibada kigangoni kwake kama kawaida. Nami sikuwa na ujasiri wa kumwendea. Nabii Yeremia katika somo la kwanza anawaonya wachungaji wanaowaacha kondoo wakatawanyika pasipo kuwaangalia. Ndugu zangu, nikilisoma somo hilo siwezi kuwafikiria wachungaji wengine.

Mwezi Mei mwaka ule nilianguka sakristiani. Daktari akakuta shinikizo la damu limepanda sana. Baba Askofu akaniita, akaniambia niende likizo, na akaongeza kwamba hilo si ombi.

Sasa Mungu ana njia zake. Huku kwetu, tangu mwaka 2014, palikuwa na mpango wa ushirikiano kati ya Tanzania na Finland, uitwao Panda Miti Kibiashara, uliowasaidia wanakijiji wa Njombe, Mufindi, Makete na kwingineko kupanda misonobari, ile ambayo wengi tunaiita misindano. Mzee mmoja wa Kifini, mtaalamu wa misitu, alipata kuishi miaka kadhaa katika nyanda zetu, akajifunza Kiswahili, akawa rafiki yangu ingawa yeye ni Mlutheri. Alipostaafu alirudi kwao. Aliposikia kuwa naumwa, aliandika barua yeye na mkewe: njoo kwetu mwezi Julai, utakaa nasi msituni majuma matatu. Ndivyo mwana wa mkulima wa mahindi alivyojikuta kaskazini ya dunia, kilometa karibu 400 kutoka mji mkuu wa Helsinki, katika jimbo wanaloliita Savo Kaskazini.

Wapendwa, wahenga walisema tembea uone. Nchi ile ina watu milioni tano na nusu hivi tu, na karibu robo tatu ya ardhi yake ni misitu. Maziwa yake, ukihesabu hata yale madogo kama mabwawa, ni kama 188,000. Huku kwetu Julai ni mwezi wa baridi kali na umande unaoganda; kule ndiyo katikati ya majira yao ya joto. Jua lilikuwa likizama saa tano kasoro usiku na kuchomoza tena saa tisa na nusu, na kati ya nyakati hizo hapakuwa na giza, ila mwanga hafifu kama wa hapa kwetu baada ya magharibi. Usiku wa kwanza niliamka nikavaa kanzu niwahi Misa ya asubuhi. Kutazama saa, ni saa nane usiku! Mbu nao walinipokea kwa furaha, maana ni wengi kupita wa Kilombero, ingawa siku hizi huko hawaleti malaria.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya magogo, ndogo, kando ya ziwa. Wafini wana nyumba za namna hiyo zaidi ya 500,000. Watu hutoka mijini na kwenda huko mara shule zinapofungwa, hasa kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji mwezi Juni, ambayo huiadhimisha kwa kuwasha mioto mikubwa kando ya maji. Mle ndani hamkuwa na umeme. Maji tulichota kwa ndoo. Chakula kilipikwa kwa jiko la kuni. Choo kilikuwa nje, nyuma ya miti. Nilicheka moyoni nikasema: hawa wenye magari na mashine za kufulia wamesafiri mwendo wote huu ili waishi kama kijijini kwa mama yangu!

Lakini kicheko hicho hakikudumu. Siku ya tatu, nikiwa nimebeba ndoo mbili kutoka ziwani, nilimkumbuka mama yangu mzazi. Mama alibeba ndoo kichwani maisha yake yote. Kazi ilikuwa ileile, ndoo na mteremko na maji. Kwa mwenyeji wangu ilikuwa mapumziko, kwa sababu aliichagua, na baada ya majuma manne angerudi kwenye bomba. Mama hakuichagua, na hakuna siku hata moja aliyoambiwa, "Leo keti, mama, nitachota mimi." Wala mimi mwanaye sikumwambia hivyo. Nilikuwa nikirudi likizo kutoka seminari, nikiketi kivulini na kitabu, naye akipita mbele yangu na ndoo.

Mzee yule hakuwa msemaji. Jioni tulipanda mashua, akapiga makasia hadi katikati ya ziwa, akaacha makasia yapumzike juu ya maji, akanyamaza. Siku za kwanza ukimya ule ulinitesa. Nilizoea kuwa padre anayeulizwa na kujibu, na ukimya nilijua tu ule wa watu waliokasirika. Mama wa nyumba alikuwa ameichukua simu yangu na kuiweka katika kikapu juu ya kabati, akasema nitaiona Jumamosi. Kwa hiyo nilikaa ndani ya mashua ile bila kitabu wala simu. Na hapo, juu ya maji yaliyotulia, katekista wangu alinijia tena. Kila jioni nilimsikia akibisha hodi. Ndipo nilipoelewa kwa nini kwa miezi mitatu nilikuwa nikikimbia kutoka kazi hadi kazi. Nilikuwa naogopa kukaa mahali ambapo ningeweza kumsikia.

Wapendwa, huenda hii ndiyo sababu ya kwanza ya Bwana kuwapeleka mitume mahali pasipo na watu. Mitume walirudi wamejaa habari za waliyoyatenda. Kazi nyingi, hata kazi takatifu, yaweza kumficha mtu asijione. Pumziko humrudisha mtu mbele ya Mungu akiwa hana cha kuonyesha.

Siku moja mzee alinichukua msituni. Alikuwa na shina la msonobari lililokatwa majira ya baridi yaliyopita. Akapiga magoti, akalipangusa kwa kiganja, akaniambia nihesabu duara zake. Nilifika 94, nikapotea. Kila mwaka, alinieleza, mti huongeza mkanda mpana wa rangi nyeupe wakati wa joto, kisha mstari mwembamba wa rangi nyeusi ukuaji unapopungua, halafu husimama. Kwa miezi mingi ya baridi, theluji ikiwa imefunika kila kitu na ziwa limeganda hata magari hupita juu yake, mti haukui hata kidogo. Akasema jambo lililonishangaza zaidi: mti hausubiri baridi iuguse. Mchana unapoanza kufupika mwishoni mwa majira ya joto, hali ya hewa ikiwa bado nzuri, mti hutambua, huanza kujikaza na kujiandaa kupumzika. Ule ambao ungeendelea kuchipua machipukizi laini hadi baridi iingie ungekufa kwa barafu. "Wa kwenu Mufindi," aliniambia kwa Kiswahili chake kizito, "miaka 20 hivi, unakata. Wa kwetu, miaka 70, hata 100. Mimi huu niliupanda," akanionyesha mche usiofika kiunoni, "nitakata mimi? Hapana, Padre. Mjukuu wa mtoto." Kisha akagonga lile shina kwa shoka, likalia kama chuma. Mbao za mti uliokua polepole, uliopumzika kila mwaka, hushikamana na kuwa ngumu.

Nilikaa juu ya shina lile kwa muda mrefu. Mti hauoni aibu kusimama. Haujilaumu kwamba miti mingine inaendelea. Mungu aliuumba hivyo, na yeye mwenyewe, baada ya siku sita za uumbaji, aliitakatifuza ya saba. Mimi nilijiona mtumishi mwaminifu kwa sababu sikupumzika. Kumbe nilikuwa chipukizi laini linaloingia katika barafu, na barafu ile ilimwua mtu mwingine kabla yangu.

Msidhani kwamba watu wale walizaliwa wakiwa na utulivu. Mama wa nyumba alinisimulia kwamba misitu hiyohiyo iliwahi kuwa mahali pa kilio. Kati ya mwaka 1866 na 1868 mazao yaliharibika kwa mvua na baridi, na karibu asilimia 8 ya watu wa nchi ile walikufa kwa njaa na maradhi. Watu walibandua gome la msonobari, wakachukua ngozi yake ya ndani, wakaikausha na kuisaga, wakachanganya na unga kidogo wakapata mkate wa kusukuma siku. Hata leo, alisema, wao hawatupi mkate. Utulivu wao ulipatikana kwa taabu na kwa sheria njema. Mfanyakazi wa huko, akiisha kutimiza mwaka kazini, hupewa kisheria majuma kama matano ya likizo yenye malipo, na sehemu kubwa lazima apewe wakati wa joto.

Wana desturi nyingine iliyonigusa. Msitu unaweza kuwa mali ya mtu, na kwa kweli zaidi ya nusu ya misitu yao ni mali ya familia za kawaida. Hata hivyo mtu yeyote, awe mwenyeji au mgeni, anaruhusiwa kutembea humo na kuchuma matunda ya porini na uyoga, mradi asiharibu kitu wala asisumbue ua wa nyumba ya mtu. Wanaiita haki ya kila mtu. Nami, mtu wa mbali, nilijaza ndoo matunda madogo ya buluu katika shamba la jirani ambaye sijapata kumwona, na hakuna aliyeniuliza. Nikakumbuka Torati ilivyomwamuru Mwisraeli asivune hadi ukingo wa shamba, ili maskini na mgeni wapate cha kuokota.

Sasa sikilizeni yaliyotokea Dominika ya pili.

Wakatoliki nchini Finland ni wachache mno. Nchi nzima ni jimbo moja, Jimbo la Helsinki, na walioandikishwa hawafiki 20,000. Padre mmoja huhudumia eneo kubwa kuliko mikoa yetu kadhaa. Katika mji mdogo wa karibu Misa ilikuwa ikiadhimishwa mara moja kwa mwezi, ndani ya kanisa la Walutheri ambalo huwapa Wakatoliki nafasi kwa moyo mwema. Rafiki yangu Mlutheri alinipeleka kwa gari lake, akaketi kiti cha nyuma hadi mwisho. Mtume Paulo katika somo la pili anasema juu ya Kristo aliyebomoa ukuta uliowatenga watu na kuwafanya walio mbali kuwa karibu. Siku ile tulikuwa watu 14: Wapolandi, Wavietnamu, Wafilipino, Wafini wawili. Na nyuma kabisa, mama mmoja Mwafrika na watoto watatu.

Baada ya Misa nilikuwa nimechoka tena. Mzee alikuwa amewasha gari. Mke wake alikuwa ametuandalia samaki. Yule mama akanijia, akasema kwa Kiswahili cha kwao Kongo, "Baba Padri, niko na neno kidogo."

Wapendwa, nilisikia moyoni sauti ileile, "Nina shida kidogo, Baba." Maneno yalikaribia kutoka kinywani mwangu: mama, niko likizo, wanangoja. Mungu anajua jinsi nilivyokuwa karibu kuyasema. Nikamtazama usoni. Nikamwambia mzee azime gari.

Mama yule alizaliwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Vita vilimkimbiza, akaishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi nchini Zambia, na mama yake mzazi akafia humo. Kisha yeye na watoto wakapokelewa Finland. Alikuwa na kila kitu alichohitaji mwili: nyumba yenye joto, shule ya watoto, hospitali. Alichotaka kwangu ni kimoja. Alitaka tumwombee mama yake marehemu kwa Kiswahili, lugha waliyomzikia. Watoto wake walikuwa wameanza kukisahau. Tuliketi kwenye ngazi za kanisa tukasali Rozari nzima, watoto wakijibu kwa kusitasita. Alilia, kisha akanyamaza, kisha akaeleza mengi ambayo si ya kusimuliwa redioni. Ilikuwa zaidi ya saa mbili. Mzee wangu alingoja chini ya mti bila kutazama saa hata mara moja. Samaki tulimla baridi.

Jioni ile ndani ya mashua ndipo Injili ya leo iliponifungukia. Bwana na mitume wake walipata pumziko fupi sana, urefu wa safari ya mashua tu. Umati ukalikatiza. Lakini Mwinjili anasema kwamba Bwana aliposhuka aliwaona watu, akawahurumia. Aliinua macho. Mchungaji anayepumzika kwa Mungu hukatizwa pumziko lake naye akabaki na huruma. Asiyepumzika kamwe, akikatizwa, hubaki na hasira. Sikumwona katekista wangu nikiwa ofisini kwangu, mahali pa kazi yangu takatifu. Nilimwona mama wa Kongo nikiwa likizo. Tofauti ilikuwa siku kumi na mbili za kunyamaza juu ya maji.

Niliporudi, sikungoja Jumatatu. Siku ya pili yake nilikwenda kwa katekista yule kwa miguu, saa tatu zilezile, ili nijue urefu wake. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nilimwomba msamaha. Nilidhani atalia, au atanilaumu, nami nilikuwa tayari kwa yote mawili. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Baba, siku ile nilikuona umechoka sana. Nikajiambia, huyu naye ni mgonjwa, nisimwongezee mzigo. Ndiyo maana sikurudi."

Ndugu zangu, maneno hayo nimeyabeba hadi leo, na sitaki yanitoke. Yeye, aliyekuwa na mke kitandani, alikuwa na macho ya kuona uchovu wangu. Nilimwuliza, "Nawe umepumzika lini?" Akacheka. Akasema, "Katekista ana likizo, Baba?" Miaka 23 hakuwahi kukosa Dominika moja.

Sasa nalirudia swali lako, msikilizaji. Pumziko linakuhusu nini wewe usiye na mshahara wala safari ya Ulaya? Linakuhusu kwa sababu Mungu hakulitoa kama zawadi ya matajiri. Alilitoa kama amri, na katika Kumbukumbu la Torati anawataja waziwazi wanaopaswa kupumzika: mwana na binti, mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, na mgeni aliye ndani ya malango. Anayepewa amri ni mwenye nyumba. Maana yake, pumziko la mnyonge li mikononi mwa mwenye nguvu. Papa Leo wa Kumi na Tatu alilitetea mwaka 1891 katika waraka wake juu ya wafanyakazi, Rerum Novarum. Na Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili mwaka 1998 aliandika barua nzima juu ya Siku ya Bwana.

Basi tufanye nini? Nitasema machache yanayowezekana.

Baba wa familia, Dominika hii baada ya Misa chukua ndoo wewe. Usingoje mkeo augue. Ukiona haya mbele ya wanaume wenzako, kumbuka kwamba Bwana wetu hakuona haya kushika beseni na kuwaosha miguu wanafunzi wake. Vijana wa seminari na wa vyuo mnaorudi likizo, msiketi kivulini kama nilivyoketi mimi. Mama yangu ameshalala makaburini. Ndoo yake siwezi tena kuibeba.

Mwenye nyumba uliyemwajiri binti wa kazi, jiulize ana siku gani ya kukaa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya nchi yetu inampa mfanyakazi saa 24 za mapumziko kila juma na siku 28 za likizo kwa mwaka. Binti huyo ni mfanyakazi. Usikubali ukapokea Ekaristi ilhali yeye amebaki jikoni kila Dominika, hajasali wala hajalala.

Halmashauri za parokia na vigango, waangalieni makatekista wenu. Kwetu tumekubaliana kwamba kila katekista, mara moja kila miezi miwili, Dominika yake itaongozwa na mwenzake wa kigango jirani, naye ataketi benchini na watoto wake kama Mkristo mwingine yeyote. Katekista wangu alipoketi benchini mara ya kwanza, aliniambia hakujua mikono aiweke wapi. Nanyi makatekista mnaonisikiliza, msione kwamba kigango kitaanguka. Mchungaji wa kondoo wale ni Bwana mwenyewe, kama Zaburi ya leo inavyokiri. Yeye ndiye awalazaye penye majani mabichi na kuwaongoza kwenye maji matulivu. Sisi tu wasaidizi.

Na sisi mapadre na watawa, tuwaombe waamini watuombee tuwe na macho. Mkimkuta padre wenu ameinamia karatasi, bisheni hodi mara ya pili.

Tusali. Ee Bwana Yesu, uliyewapandisha mitume wako katika mashua wapate kupumzika, utufundishe kusimama mchana wetu ungali mwema. Uwape nafuu wale wote ambao hakuna mtu aliyewahi kuwaambia waketi. Umpokee katika raha ya milele yule mama aliyefua vitambaa vya altare yako, aliyekungoja bila mchungaji wake, na mama yule aliyezikwa ugenini, na mama zetu wote waliotubeba. Utupe macho ya kuwaona wanaobisha hodi leo, tusiwaambie warudi Jumatatu. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.